Siku Sitini za Emden: Mchezo wa Ramani na Mafunzo Yake

Muhula uliopita baadhi yetu wa chama cha historia tulicheza mchezo mmoja wa ramani uliotuchukua Jumamosi saba. Wengi waliotuona tumeinamia makaratasi, tukirusha sarafu na kupelekeana vijikaratasi kutoka chumba hiki hata chumba kile, walidhani tunacheza kamari. Hata mwalimu wa zamu aliingia jioni moja kutuuliza fedha zile ni za nani. Basi nimeona yafaa nieleze katika kurasa hizi mchezo wenyewe ni nini, umetoka katika habari gani za kweli, na umetufundisha nini. Mwisho wake haukuwa kama tulivyoutazamia, na kwa sababu ya mwisho huo ndipo nimeshika kalamu.

MVAMIZI NI NANI?

Tangu zamani, taifa lenye manowari chache likipigana na taifa lenye manowari nyingi, halithubutu kuzipanga manowari zake mbele ya adui, maana zitazamishwa zote kwa siku moja. Badala yake hutuma manowari moja moja kwenda mbali, katika njia za bahari kuu, kuzikamata au kuzizamisha meli za biashara. Manowari ya namna hiyo nitaiita mvamizi, na zile zinazotumwa kuitafuta nitaziita wasakaji.

Mvamizi si haramia. Haramia huiba kwa faida yake mwenyewe. Mvamizi ni askari wa serikali. Hupandisha bendera ya taifa lake anapoanza kushambulia, na desturi ya vita vya baharini ilimtaka awaondoe mabaharia na abiria na kuwaweka mahali pa salama kabla ya kuizamisha meli yao. Tafadhali, msomaji, ukumbuke jambo hili la mabaharia, maana tutalirudia.

Pengine mtu atasema, "Kwa nini kijana mwenye mtihani mbele yake apoteze wakati kwa mchezo?" Jibu ni kwamba mchezo wa vita haukuanza kwa watoto. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wa jeshi mchezo wake wa ramani, nao wakautumia kuwafundishia maafisa. Mwaka 1898 Mwingereza Fred T. Jane alitoa mchezo wa vita vya manowari. Katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, Nahodha Gilbert Roberts alifungua chumba cha michezo katika mji wa Liverpool ili kutafuta njia ya kuzishinda nyambizi za Wajerumani zilizokuwa zikizamisha meli za chakula na silaha. Bahari ilichorwa sakafuni. Maafisa walichungulia kwa matundu ya pazia, wasione ila kile ambacho wangekiona baharini. Wengi wa wasaidizi wake walikuwa wasichana wa jeshi la majini, wengine umri wao haukupita wetu sana, na mbinu zilizotoka katika sakafu ile zilitumika katika Bahari ya Atlantiki.

HABARI ZA EMDEN

Mchezo wetu tuliujenga juu ya habari za manowari moja ya Kijerumani iitwayo Emden. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na kundi la manowari lenye makao yake Tsingtao, nchi ya China, chini ya Admirali Maximilian von Spee. Vita vilipoanza Spee aliazimia kulivusha kundi lake katika Bahari ya Pasifiki. Nahodha wa Emden, Karl von Müller, akashauri kwamba manowari moja ingefaa kutengwa na kuingia Bahari ya Hindi. Mwezi wa Agosti, wakiwa katika kisiwa cha Pagan, shauri lake lilikubaliwa. Emden ikaondoka, ikifuatwa na meli moja tu ya makaa ya mawe, jina lake Markomannia.

Emden haikuwa manowari kubwa. Ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5, nayo haikuweza kusimama mbele ya manowari kubwa. Dohani zake zilikuwa 3. Mabaharia wakatengeneza dohani ya nne ya uongo, ili anayeiona kwa mbali aidhanie ni manowari ya Kiingereza.

Tarehe 10 Septemba 1914 ilikamata mawindo yake ya kwanza katika Ghuba ya Bengal. Kwa siku chache ikazizamisha meli moja baada ya nyingine, wala hakuna mtu katika bandari za Bara Hindi aliyejua. Lakini kila meli iliyozamishwa iliongeza watu waliohitaji mahali pa kulala na chakula. Müller aliwakusanya katika meli moja aliyoiteka, Kabinga, kisha akaiachilia iende zake Calcutta pamoja na watu wote. Mabaharia wale walipokuwa wakiondoka walimpigia Müller na watu wake vigelegele vya kuwaaga. Lakini kwa kitendo hicho Müller alikuwa ametuma barua kwa adui zake mwenyewe, maana Kabinga ilipofika ilisema yote. Meli nyingi zikaamriwa zisitoke bandarini.

Usiku wa tarehe 22 Septemba Emden ilitokea mbele ya Madras, mji ambao leo huitwa Chennai, ikayapiga matangi ya mafuta kwa mizinga na kuyawasha moto. Kisha ikazunguka Ceylon na kuwinda upande wa magharibi. Tarehe 9 Oktoba ikaingia Diego Garcia, kisiwa kilichoko mbali katikati ya bahari. Wenyeji walikuwa hawajapata habari kwamba kuna vita! Wajerumani wakakaribishwa vizuri, wakaikwangua manowari yao na kuitia makaa, na fundi wao akamtengenezea mwenyeji mashua yake ya mtambo. Tarehe 28 Oktoba ikaingia Penang alfajiri, ikazamisha manowari ya Kirusi Zhemchug na baadaye ile ya Kifaransa Mousquet.

Mwisho wake ulikuja tarehe 9 Novemba katika visiwa vya Cocos. Müller alitaka kuharibu kituo cha simu ya upepo na nyaya za simu zipitazo chini ya bahari, yaani alitaka kuukata ulimi wa adui. Akawashusha askari 50 hivi chini ya Hellmuth von Mücke. Lakini wafanyakazi wa kituo waliitambua ile dohani ya nne kuwa ni ya turubai, wakapeleka habari kabla kituo hakijavunjwa. Habari ile ilisikiwa na msafara wa meli za askari wa Australia na New Zealand uliokuwa ukipita kiasi cha maili 50 tu. Manowari Sydney ikatoka katika msafara ule. Mizinga yake ilikuwa mikubwa zaidi na ilifika mbali zaidi. Müller akaipandisha Emden juu ya mwamba wa kisiwa cha North Keeling ili isizame. Zaidi ya watu 130 wa Emden walikufa. Kwa upande wa Sydney walikufa 4. Mücke na watu wake waliobaki nchi kavu walichukua jahazi la matanga liitwalo Ayesha wakatoroka, nao mwaka 1915 walifika Istanbul kwa njia ya Arabuni.

Wazee husema siku za mwizi ni arobaini. Hesabu mwenyewe tangu 10 Septemba hata 9 Novemba: za Emden zilikuwa 60. Katika siku hizo ilikamata au kuzamisha meli zaidi ya 20.

NDUGU YAKE WA RUFIJI

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunaye mvamizi wetu wa karibu, Königsberg, chini ya Nahodha Max Looff. Iliondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, na tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya Kiingereza City of Winchester katika bahari ya Oman. Tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari Pegasus bandarini Unguja. Baada ya hapo haikufanya uvamizi tena. Kwa nini? Haikuwa na makaa ya kutosha. Waingereza walikuwa wamekwisha kuyanunua makaa katika bandari za Wareno, kusini, ili isiyapate. Ikajificha katika matawi ya mto Rufiji, ikazungukwa hata mwaka uliofuata, na tarehe 11 Julai 1915 ikapigwa na manowari fupi Severn na Mersey, huku ndege zikiwaelekeza wapigaji. Mizinga yake 10 ilitolewa mtoni ikapigana nchi kavu. Mmojawapo umewekwa Fort Jesus, Mombasa.

Linganisha manowari hizi mbili, msomaji. Mizinga yake ilikuwa sawa kwa idadi na kwa ukubwa. Mmoja aliitikisa bahari nzima, mwingine alinaswa mtoni. Tofauti yao kubwa haikuwa katika mizinga, ilikuwa katika meli za makaa zilizowafuata.

Vita Kuu ya Pili vilituonyesha jambo la pili. Manowari Graf Spee ya Nahodha Hans Langsdorff ilizamisha meli 9 mwaka 1939, mojawapo karibu na pwani ya Msumbiji, wala hakuna baharia hata mmoja wa meli hizo aliyeuawa. Tarehe 13 Desemba ilipigana na manowari tatu karibu na mdomo wa mto Plate, ikaingia Montevideo ikiwa imeumia. Waingereza wakaeneza uvumi kwamba manowari kubwa zimekwisha kufika nje ya bandari. Zilikuwa bado mbali sana. Langsdorff akasadiki, na tarehe 17 Desemba akaizamisha manowari yake mwenyewe. Hivyo Emden iliuawa na habari ya kweli, na Graf Spee iliuawa na habari ya uongo.

JINSI YA KUUTENGENEZA MCHEZO

Basi mchezo ulio mwaminifu hauwezi kuwa wa mizinga tu. Lazima uwe wa makaa na wa habari. Hivi ndivyo tulivyoupanga, na mtu yeyote mwenye atlasi, karatasi, kalamu na sarafu anaweza kuufanya.

Kwanza, ramani. Tuliinakili Bahari ya Hindi kutoka atlasi, tukaigawa kwa miraba. Meli iendayo pole pole kwa mwendo wa maili 10 za baharini kwa saa hupita maili 240 kwa siku moja. Kwa hiyo kila mraba ni maili 240 kwenda na maili 240 kupanda, na kila zamu ya mchezo ni siku moja. Mchezo una zamu 60, kama siku za Emden.

Pili, vyumba. Mvamizi hukaa chumba kimoja na ramani yake, wasakaji chumba kingine na ramani yao. Katikati yuko mwamuzi, ambaye peke yake anaijua kweli yote. Hakuna anayesema na mwenziwe ila kwa kikaratasi kupitia kwa mwamuzi. Mwamuzi asiyeweza kuzuia uso wake usicheke hafai kazi hii.

Tatu, makaa. Mvamizi huanza na vipimo 16. Akienda mraba mmoja kwa siku hutumia kipimo 1. Akitaka kwenda miraba miwili kwa siku hutumia vipimo 8. Wengi walilalamika kwamba ni vingi mno, lakini mwalimu wetu wa fizikia alitueleza kwamba nguvu zinazohitajiwa kusukuma meli majini huongezeka kwa kadiri ya mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mwendo ukiwa mara 2, nguvu huwa 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Kwa hiyo mvamizi anayekwenda pole ana siku 16 za uhai, na anayekimbia ana siku 2. Makaa zaidi huyapata kwa meli yake ya makaa, au kwa meli aliyoiteka yenye makaa, tena katika mraba wa kisiwa ambapo maji ni matulivu.

Nne, kuonana. Hapa ndipo wengi hushangaa. Msakaji na mvamizi wakiwa katika mraba mmoja, je, wameonana? Hebu tupige hesabu. Mraba una maili 240 × 240, yaani maili za eneo 57,600. Mwaka 1914 hapakuwa na rada. Tuseme mlinzi aliye juu ya mlingoti huona moshi umbali wa maili 15 kila upande. Mchana wa saa 12 meli hupita maili 120, kwa hiyo huchungua 120 × 30, yaani maili za eneo 3,600. Hiyo ni sehemu 1 katika 16! Lakini kwa kuwa mvamizi naye anatembea, tuliongeza bahati ikawa 1 katika 8. Tunarusha sarafu mara tatu: ikianguka kichwa mara zote tatu, wameonana. La sivyo wamepishana gizani, kila mtu na njia yake.

Tano, habari. Meli ikikamatwa, wasakaji hawaambiwi kitu. Siku ambayo ingefika bandarini ikipita bila kuonekana, ndipo mwamuzi huwaandikia, "Meli fulani imechelewa." Mvamizi anaweza kuwaweka mateka wake katika meli moja aliyoiteka na kuiachilia, kama Müller alivyofanya na Kabinga. Meli hiyo ikifika bandarini wasakaji huambiwa mraba ilipoachiwa.

Sita, alama. Mvamizi hupata alama 3 kwa kila meli aliyoikamata, na alama 1 kwa kila siku ambayo wasakaji, kwa hofu, wameizuia njia moja ya meli isitumike. Maana hofu nayo ni silaha. Wasakaji hushinda wakimpata kabla hajafikisha alama 40.

MAMBO YALIYOTUPATA

Mimi nilichaguliwa kuwa mkuu wa wasakaji. Mvamizi alikuwa rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja, mtu mpole kabisa, asiyependa ugomvi. Nilikuwa na manowari 6 naye ana moja, nikaona kazi itakwisha Jumamosi mbili.

Katika zamu ya 9 nikaletewa kikaratasi kwamba meli moja imechelewa kufika Colombo. Nikazikimbiza manowari 4 mahali pale. Hapakuwa na mtu. Zamu ya 17 nikaambiwa ya pili, zamu ya 20 ya tatu. Kila mara nilikimbilia mahali habari ilipotoka, na kila mara nilikuta maji matupu. Alama zake zikawa 14. Nikaanza kumshuku mwamuzi kwamba anamnong'oneza.

Ndipo mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili, aliyekuwa akitubebea vijikaratasi, aliponiuliza kwa adabu, "Kaka, habari hizi unazopewa ni za siku ngapi?"

"Za siku nne hivi," nikamjibu.

"Na kwa siku nne yeye anaweza kufika wapi?"

Nikachukua penseli. Kwa siku 4, akienda pole pole upande wowote, anaweza kuwa katika miraba 9 kwa 9, yaani miraba 81. Mimi nilikuwa nikiutafuta ule mmoja ambao kwa hakika alikwisha kuuacha. Nikamtazama kijana yule, naye akaongeza, "Lakini kaka, makaa yake atayatia wapi?"

Aibu niliyoisikia siwezi kuiandika. Tangu zamu ile niliacha kufukuza nyayo. Nilitafuta katika ramani visiwa ambavyo mtu angeweza kutilia makaa kwa siri, nikapata 5, nikaweka msakaji mmoja karibu na kila kimoja. Yule wa 6 nikamweka akae Colombo akingoje. Nikakaa kimya zamu nyingi, huku meli zangu zikikamatwa na wenzangu wakininung'unikia. Alama zake zikafika 33. Katika zamu ya 47 mwamuzi akaniita nirushe sarafu. Kichwa. Kichwa. Kichwa.

Mvamizi alikuwa na vipimo 2 tu vya makaa, hawezi kukimbia. Sarafu nyingine chache zikaamua mapigano, akazama. Chumba chetu kilipiga kelele hata watu wakaja kutuchungulia dirishani. Nilimkumbatia yule mbeba vijikaratasi.

Mwamuzi wetu ni mtu wa kuandika kila kitu katika daftari. Alingoja mpaka tuliponyamaza, kisha akasoma: "Mvamizi amezama zamu ya 47. Mabaharia wake 360. Tena ndani yake watu 187."

"Watu gani?" nikauliza.

"Wenu," akasema. "Mabaharia wa meli zenu. Hakuwaachilia hata mara moja."

Tukamtazama rafiki yangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Ningewaachilia wangekwambia nilipo." Wala hakusema uongo. Kanuni zetu zilimwadhibu kila alipoachilia watu, lakini hazikumwadhibu kwa kuwaweka. Mimi nami sikuwa nimeuliza hata siku moja mabaharia wa meli zangu wamekwenda wapi. Katika kikaratasi nilisoma "meli imechelewa", nikahesabu alama 3, basi.

KUMBE YALIKWISHA KUTOKEA

Juma lililofuata tulitafuta kama jambo hili limepata kutokea kweli. Limetokea, tena katika bahari yetu hii. Tarehe 8 Mei 1941 manowari ya Kiingereza Cornwall ilimkuta upande wa kaskazini wa Shelisheli mvamizi wa Kijerumani aitwaye Pinguin, aliyejifanya meli ya biashara ya Norway. Wakapigana. Mabomu ya kutega majini yaliyokuwa ndani ya Pinguin yakalipuka, ikazama mara moja. Mle ndani walikuwamo mateka wa meli alizozikamata, na zaidi ya 200 kati yao walikufa pamoja na Wajerumani wengi waliowateka. Wasakaji walipiga vema, wakafanya wajibu wao, na makombora yao yakawaangukia na watu wa upande wao.

Sasa rudi kwa Müller na Kabinga. Nguvu zote za mvamizi zi katika kutojulikana alipo. Kila mtu anayemwachilia ni kinywa kitakachomtaja. Kwa hiyo kwa mvamizi huruma ina bei, na bei yake hulipwa kwa kitu kile kile kinachomweka hai. Müller aliijua bei hiyo akailipa. Ndiyo sababu hata adui zake walimsifu, na magazeti ya Uingereza yalimwandika kwa heshima alipokwisha kushindwa. Nilipousoma ukurasa huo mara ya kwanza nilidhani ni adabu tu za mabwana wa zamani. Baada ya zamu ya 47 nimeelewa kwamba ilikuwa hesabu ngumu, na mtu aliyeifanya alijua inamgharimu nini.

Nasi tumebadili kanuni zetu. Kanuni ya saba sasa yasema hivi: mwamuzi atawahesabu mateka kila zamu na kuzitangaza hesabu hizo kwa pande zote mbili mwisho wa kila Jumamosi. Mvamizi mwenye mateka zaidi ya 100 hutumia kipimo kimoja zaidi cha makaa kila zamu ya tano, kwa ajili ya maji na chakula chao. Akiwaachilia salama hupata alama 2. Na mvamizi akizama na mateka ndani, wasakaji hawahesabiwi kuwa wameshinda. Mchezo huandikwa sare. Wengine katika chama walipinga sana kanuni hii ya mwisho, wakisema kwamba msakaji hana kosa. Ni kweli hana kosa. Lakini tulipiga kura, ikapita kwa kura moja. Kura hiyo ilikuwa ya rafiki yangu wa dawati, yaani mvamizi mwenyewe.

MWISHO

Wenzangu, mafunzo niliyoyapata ni matatu, nami nayaweka hapa kwa ufupi. La kwanza, usikimbilie mahali habari ilipotoka. Uliza habari hiyo ina umri gani na katika umri huo mambo yamefika wapi. La pili, ukitaka kujua mtu atapita wapi, usitazame nguvu zake, tazama mahitaji yake. La tatu, katika kila hesabu ya meli na alama, uliza ndani mna nani.

Kaka zetu mnaofanya kazi Mombasa, mkipata nafasi ingieni Fort Jesus muuone ule mzinga wa Königsberg, na karibu nao mzinga wa Pegasus. Maadui wale wawili sasa wako katika uwanja mmoja. Nanyi wadogo zetu mnaotaka kuucheza mchezo huu muhula ujao, ramani tumeiacha kabatini katika chumba cha historia. Mje na sarafu zenu wenyewe, maana zetu mwalimu wa zamu bado anaziulizia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita